Amri ya Kumwona Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai ya kuazima, nikakabidhiwa muhuri na kitambaa cha kuupangusia. Ilikuwa korti ndogo upande wa Dagoretti, miaka michache baada ya Uhuru. Karani Mkuu, mzee mwenye mwandiko mzuri ajabu, aliniambia neno ambalo nililishika kama sala: "Kijana, karatasi haina haraka. Wenye haraka ni watu, na watu watangoja."

Vijana wa leo mtacheka. Zamani zile hakimu aliitamka amri, mpiga chapa akaipiga, Msajili, yaani mkuu wa masijala yote, akaitia sahihi, nami nikaigonga muhuri. Bila muhuri ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi. Niligonga kwa bidii mpaka nikapandishwa cheo na kuhamishiwa korti kubwa katikati ya mji, meza ya kesi za watoto.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Nekesa. Kwao Bungoma, akikaa Kangemi na kufagia wodi katika hospitali moja. Walipoachana, mumewe, fundi wa magari, alipata kazi Moshi, ng'ambo ya mpaka, akaondoka na binti yao wa miaka kumi na mmoja. Hakimu aliamua mtoto abaki kwa babake, lakini kila Desemba, shule zikifungwa, aletwe kortini Nairobi akae na mamake wiki tatu. Mama alitoka ameikumbatia nakala yake kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni kosa langu. Amri yetu haikuwa na nguvu Tanzania mpaka korti ya kule iisajili, kwa hiyo ilinibidi kuwapelekea nakala yenye muhuri. Na masijala yetu ilikuwa na desturi yake: karatasi za nje hazikutumwa moja moja. Tulingoja zifike kumi, tukazitia bahasha moja na kuifunga kwa lakiri. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, nasi tuliifanya methali hiyo kuwa kanuni ya ofisi. Ya Nekesa ilikuwa ya nne. Ilikaa miezi sita kwenye droo yangu, na sikuifikiria hata mara moja.

Siku iliyotajwa ilipofika, Mama Nekesa alikuja asubuhi na gauni la mtoto, amelishona kwa kukisia kimo. Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Nilipomwona tu, nikakumbuka droo.

"Karani," aliniuliza, "basi ya kutoka Moshi hufika saa ngapi?"

"Labda wamechelewa njiani, mama. Ngoja kidogo."

Alingoja mpaka askari akaja kufunga milango.

Kesho yake niliituma ile amri peke yake, bila ruhusa ya mtu. Moshi walijibu upesi: shauri la kuisajili lingesikizwa Machi. Februari serikali zikakosana, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na ulifungwa kwa miaka.

Kila Desemba alikuja kuuliza kama kuna barua. Mpaka huo ulipofunguliwa tena, baba alikuwa amehama bila kuacha anwani, na Nekesa alikuwa mtu mzima. Amri ya mtoto haimhusu mtu mzima. Ilinibidi nimweleze hilo mimi mwenyewe, naye akaitikia kwa kichwa tu, akarudi Kangemi kwa miguu.

Mara nyingi nilitaka kumwambia habari za ile droo. Kwanza niliogopa kazi yangu, baadaye nikaogopa pensheni, mwishowe nikamwogopa yeye tu. Msiniulize kazi ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kungojesha watu.

Siku niliyostaafu alikuja kuniaga, kichwa chote mvi. Alimgeukia karani mgeni aliyekuwa akirithi meza yangu, akamwambia, "Huyu mzee umheshimu. Wengine hapa walinizungusha. Yeye hakunificha kitu."

Nilimwambia asante, mama.