Chura wa Kalenda

Kalenda yangu inatoka kila mwaka, na haijawahi kuchelewa. Karatasi ya kung'aa, rangi kamili, imechapwa Dar es Salaam, siyo hizi za uchochoroni zinazopauka kabla ya Pasaka. Katikati nipo mimi, suti ya bluu na tai ya dhahabu, nyuma yangu lori na mlango wa duka langu la vifaa vya ujenzi. Ukinunua bati kwangu Masasi unaondoka na kalenda. Ukinunua misumari tu, ukaongea vizuri, unaipata pia. Ndiyo maana kuanzia Newala mpaka Chiungutwa huingii sebuleni kwa mtu usinikute ukutani. Wengine hata mwaka ukiisha hawaibandui, wanabandika mpya juu ya ile ya zamani. Mtu aliyeishia darasa la tano, aliyepandisha samaki wakavu kwa baiskeli kwenye mlima wa Newala mpaka mapaja yakawa kama ya ng'ombe, leo anatazama watu wakila kwenye nyumba za walimu na manesi. Nani mwingine wa kijijini kwetu amefika hapo? Nimeuliza sana, sijajibiwa.

Nayasema haya ili ujue karatasi ninayoizungumzia ni ya namna gani.

Binti yangu wa kwanza ni mwalimu wa chekechea. Alipomaliza chuo nilijua atarudi Masasi. Akaenda kijiji kimoja karibu na Lukuledi, kwenye darasa la tofali za kuchoma, bati limetoboka, watoto wanakalia mikeka. Nikavumilia. Nikaanza kujenga shule yangu mwenyewe mjini. Watu wanasema niliijenga kwa biashara. Biashara ninayo tayari. Niliijenga kwa ajili yake: madarasa ya vioo, bembea, basi la njano, ofisi ya mwalimu mkuu yenye feni na kiti cha kuzunguka. Kile kiti nilikikalia kwanza mimi, nikakizungusha, nikasema moyoni huyu mtoto sasa hatakuwa na la kusema.

Kila nilipomgusia alinijibu, "Tutaona, Baba." Tutaona ya mwanangu naijua tangu akiwa mdogo. Ni hapana iliyovaa kanga.

Mwishoni mwa Novemba wakaniomba niwe mgeni rasmi kwenye mahafali ya watoto wake. Nikaona hapo hapo ndipo. Mgeni rasmi anapewa kipaza sauti na hakatizwi, na analolitangaza mbele ya wazazi na mwenyekiti wa kijiji halirudishwi. Njiani nikamwambia mke wangu, "Leo mtoto anarudi nyumbani."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza mbele za watu."

"Hapo utakuwa hujamuuliza," akasema, akageukia dirishani.

Nikaongeza sauti ya redio.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku zile. Mikorosho imeoshwa vumbi, majani machanga yamejitokeza hata kwenye visiki nilivyodhani vimekufa, na vyura wanapiga kelele kwenye mtaro wa barabara. Niliposhuka kwenye gari, mtoto wa kike akaja na shada la maua ya karatasi. Nikainama, akanivisha, watu wakapiga makofi. Ndipo nikaona ua la kwanza kifuani pangu lina jicho. Jicho lenyewe langu. Lililofuata lina kipande cha tai ya dhahabu. Jingine meno.

Nikaketi meza kuu nikitabasamu. Darasa zima walikuwa wametundika vitu kwenye nyuzi, vipepeo, ndege, kumbikumbi wenye mabawa marefu, na ukitazama vizuri wote ni mimi. Upepo ukiingia dirishani napeperuka vipande vipande. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenzangu, akaniinamia sikioni.

"Tajiri, karatasi yako ni imara. Sisi tulizoea kufungia madaftari, kumbe inafaa na hivi."

"Inafaa," nikamjibu.

Binti yangu akasimama kuwaeleza wazazi. Hana sauti kubwa, lakini watoto wote walinyamaza. Alisema sista mmoja mzee alimpa kitabu cha watoto cha kukunja karatasi, ndani mna sungura na maua ya njano, maana huko ng'ambo baridi ikiisha na majani yakirudi ndivyo watoto wanavyokunja. "Kwetu majani yanarudi na mvua ya kwanza," akasema. "Sungura hatukumwona. Tumekunja tuliowaona. Rahisi kuliko wote ni chura, hata mzazi anaweza."

Akachukua kalenda yangu ya mwaka juzi, ile niliyopigwa picha kabla kitambi hakijaja, akaikata mraba. Watoto wakachukua zao.

"Kona ikutane na nini?"

"Na kona."

"Halafu?"

"Tunapiga pasi kwa kucha."

Akakunja, akafungua, akakunja tena. Paji langu la uso likaingia ndani. Miguu ya mbele ikatoka kwenye mabega ya suti. Nyuma akapakunja kwenda na kurudi, kama mtu anayetengeneza kipepeo cha kujipepea, akamweka chura sakafuni, akambonyeza mgongoni kwa kidole. Akaruka.

Basi wakashindanisha vyura. Kabinti kamoja kenye pengo kakapiga kelele, "Mwalimu, babu wa kalenda ameanguka chali."

Mwenzake akamfundisha, "Mbonyeze matakoni, ataruka."

Wazazi waliuma midomo, mpaka mama mmoja nyuma kule akashindwa, na darasa lote likaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote, maana mkubwa akichekwa hana njia nyingine. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameokota chura mmoja, amemfungua juu ya mapaja, anamnyoosha uso kwa kiganja.

Nilipopewa kipaza sauti niliwaeleza nilikotoka, na nilieleza vizuri, kwa sababu naijua ile hadithi. Nikawaahidi mabati mapya ya darasa lote. Wakapiga vigelegele. Nikasema, "Na Januari shule yangu ya Masasi inafungua milango, na mwalimu mkuu wake ndiye huyu hapa mbele yenu."

Makofi yalianza, yakafika katikati, yakafa. Yule mama aliyecheka akasema bila kusimama, "Tajiri, unatuletea bati, unatuchukulia mwalimu?" Mwenyekiti akaanza kutazama viatu vyake.

Kila mtu akamgeukia binti yangu. Akaja, akapokea kipaza sauti mkononi mwangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Tunamshukuru mgeni rasmi kwa mabati," akasema. "Sasa tunawakaribisha wazazi, ming'oko ya kuchemsha iko tayari."

Basi. Alinivuka kama mtu anavyovuka dimbwi.

Nikamfuata nyuma ya darasa, kwenye masufuria.

"Umeniaibisha."

"Shikamoo, Baba. Tangu umefika sijapata nafasi ya kukusalimia."

"Marahaba. Umeniaibisha."

"Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo aibu yenyewe. Na hizo kalenda? Huna mtu mwingine wa kukatakata ila baba yako?"

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Hapa hakuna duka la karatasi za rangi. Niliwaambia watoto kila mmoja alete karatasi nzuri kuliko zote iliyoko kwao. Wote walikuleta wewe."

Ningejua kama ni sifa au ni dharau ningeshukuru au ningemgombeza.

"Njoo Masasi," nikasema. "Nitakununulia karatasi za rangi lori zima."

"Shule ina jina lako, Baba. Basi lina jina lako. Sweta za watoto zina picha yako kifuani, Mama alinionyesha kwenye simu."

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Ila hapa mimi ni mwalimu. Kule nitakuwa binti wa tajiri mpaka nistaafu."

Nikamwambia yote. Baiskeli, mlima, samaki walionuka mpaka wasichana wakanikimbia, mama yangu aliyeshuka bondeni kutafuta maji na kupanda na ndoo kichwani, vyote hivyo ili yeye avae gauni la mahafali. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama tulivyomlea. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo, Baba." Halafu mtoto akaita kwamba mwenzake amejikojolea, naye akaenda, na hakukimbia wala hakuchelewa, alikwenda tu kama mtu anayekwenda kazini kwake.

Niliondoka bila kula. Mabati niliyapeleka wiki ile ile, kwa sababu nilishayatangaza, na mtu asiseme mimi ni wa maneno. Kwa mchapaji nikaagiza kalenda ya mwaka mpya iwe ya karatasi ngumu kama ubao, ukiikunja ivunjike. Wateja wanalalamika haifungii madaftari. Wanunue magazeti.

Shule imejaa. Mwalimu mkuu nimemtoa Morogoro, ana shahada, ananiita Mkurugenzi na ananyanyuka nikiingia ofisini. Mke wangu Jumamosi nyingi anapanda basi kwenda Lukuledi, anarudi jioni amechangamka, nami simuulizi kitu. Binti yangu hunipigia simu Jumapili. Huuliza presha yangu, huuliza korosho, huuliza kama huku imenyesha. Shule hajawahi kuiulizia, hata kwa bahati mbaya. Nami naishika simu sikioni, namjibu polepole, nikimwachia nafasi aiulizie, mpaka salio lake linaisha.