Miwani ya Marehemu Mke Wangu

Tangu mke wangu afariki, navaa miwani yake. Sioni kitu nayo, lakini siivui.

Likizo hii mjukuu wangu yuko kliniki ya macho na wanafunzi wenzake, wanajifunza kazi. Wiki iliyopita nilikwenda, akanikalisha mbele ya ubao wa kupimia macho.

“Babu, miwani hii si yako. Itabidi uiache.”

“Naona vizuri tu.”

Akaichukua kuifuta, akanipa mgongo kidogo, akanirudishia.

“Na sasa?”

“Safi kabisa. Hata inzi pale ukutani namwona.”

Wenzake wakaangua kicheko.

“Babu, nimetoa vioo. Umevaa fremu tupu.”

Nikakohoa.

“Fremu siiachi.”

“Nani kaitaka? Vioo vyako tutavitia humo humo.”

Jana, kwa vioo vipya, niliiona picha ya mke wangu. Kumbe alikuwa amenuna.