Mikono Mia Nne ya Don Tacho

Kwa miaka kumi na tisa Maestro Leandro Arizmendi aliwapiga picha wachuuzi wa mtaa wa Portales, na katika miaka yote hiyo hakununua hata tamale moja, lile donge la unga wa mahindi linalofungwa kwenye ganda na kupikwa kwa mvuke. Alisema tumbo lake halipatani na mafuta ya nguruwe. Doña Frosi, aliyekuwa akiuza tamale kwenye lango la soko tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno, alilisamehe tumbo hilo. Kilichomkera ni mdomo.

"Mama, ondoa hiyo ndoo nyekundu," Maestro alizoea kusema, amechuchumaa katikati ya njia ya watu. "Hiyo simu ifiche. Na hiyo aproni ya katuni ivue. Halafu fanya kazi kama kawaida."

"Si ndiyo kawaida yenyewe hii, ndoo na simu na aproni?"

"Kawaida zaidi kidogo, mama."

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: mtu asiitazame kamera. Uso ni mwongo, alifundisha, uso hujipamba. Ukweli wa mtu uko mikononi. Maneno hayo aliyatoa kwa sauti ya padri siku ya Pasaka, na aliyemwamini kuliko wote alikuwa mume wa Doña Frosi mwenyewe, Don Tacho, aliyesukuma mkokoteni wa viazi vitamu. Kila alasiri firimbi ya mvuke, juu ya jiko la mkokoteni huo, ililia mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Siku ya kwanza ya kupigwa picha, Don Tacho alinawa mikono kwa sabuni ya maji ya manukato na kusugua kucha kwa mswaki. Maestro alipoiona mikono ile alikunja uso kama aliyeletewa supu ya jana. Basi tangu hapo, kila Alhamisi, Don Tacho akawa anajipaka masizi ya jiko lake kabla Maestro hajafika.

"Mtu mzima na wajukuu, unajipaka masizi uonekane mchuuzi!" mkewe akamwambia. "Na wewe ni mchuuzi tayari, miaka thelathini!"

"Sanaa hiyo, mke wangu. Wewe utaijulia wapi?" Don Tacho akajibu, akacheka, jino lake la dhahabu likaonekana. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na mwepesi wa kuamini watu waliosema kwa sauti ya chini.

Machi ya mwaka wa kumi na tisa moyo wake ulisimama, ameshika mpini wa mkokoteni, mita chache kutoka nyumbani. Firimbi iliendelea kulia peke yake mpaka mvuke ukaisha. Maestro hakuonekana mazishini, maana ilikuwa Jumanne.

Ilipofika Oktoba, Doña Frosi akaanza kuihangaikia meza ya marehemu, ile ambayo kila nyumba huiandaa mwanzo wa Novemba, roho za wafu wao zinaporudi kula. Maua ya rangi ya chungwa aliyapata, mishumaa aliipata, mkate aliuagiza. Picha ndiyo ilikosekana. Ile ya harusi ililiwa na unyevunyevu zamani. Zile za simu zilikwenda na simu, na simu ilikwenda na mwizi wa kwenye metro. Na meza isiyo na picha, marehemu atajuaje kuwa ni yake? Mwingine angebahatisha akafika, lakini si Tacho. Tacho alijua mitaa yake kumi na miwili tu; nje ya hiyo alipotea hata akienda kwa wakweze. Asipojiona mezani mwaka huu wa kwanza, angepita, aingie kwa watu wengine, ale mkate wao na kuwashukuru sana. Doña Frosi alipowaza hivyo alilia juu ya karai la unga, kisha akajikemea, maana chumvi alikwishatia.

"Shoga, unalilia nini?" akauliza Chabela, muuza maji ya matunda aliyekaa naye langoni. "Si yule Maestro wenu anazo picha za mumeo mia nne?"

Basi akajifunga mtandio, akaenda hadi mtaa wa Roma, ghorofa ya tatu. Maestro alimpokea kwa furaha na kumwonyesha kwanza picha iliyotundikwa juu ya kochi, kubwa kama mlango: mikono miwili ndani ya mvuke.

"Hii ndiyo iliyonipa tuzo. Mikono ya Don Tacho! Imefika hadi Paris."

Doña Frosi akaisogelea. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la moto, umbo la harage. Akainua mkono wake, akauweka kando ya picha, kovu kwa kovu.

"Hii ni mikono yangu, Maestro. Na huu ni mvuke wa tamale."

Maestro akatazama picha, akatazama mkono, akarudi kwenye picha.

"Inawakilisha," akasema hatimaye.

Kisha akamfungulia masanduku. Mikono. Mikono tena. Mgongo, kofia, viatu, kivuli ukutani, mikono. Doña Frosi akayapekua mpaka vidole vikafa ganzi.

"Uso uko wapi?"

"Huu mgongo una uso wake, mama. Ukiutazama kwa utulivu..."

"Maestro, mgongo huo nimelala nao miaka thelathini na mmoja. Nautaka upande wa pili."

Chini kabisa palikuwa na sanduku limeandikwa *Zilizoharibika*. Humo, kwenye karatasi ya vipicha vidogo vidogo, Don Tacho alikuwa ameinua kichwa na kuitazama kamera, anacheka, jino la dhahabu nje. Juu yake, toka pembe hadi pembe, alama nyekundu ya X.

"Hiyo alitazama," Maestro akasema kwa masikitiko. "Mwanga mzuri ajabu, akaniharibia. Hata filamu yake niliitupa."

Doña Frosi alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Miezi saba alikuwa akijiuliza lile jino lilikuwa upande gani, na kuona aibu kwamba hakumbuki. Lilikuwa la kushoto. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma, na papo hapo akapandwa na hasira.

"Nipe hii."

"Haiwezekani. Msanii hatoi kazi mbovu yenye jina lake."

"Jina lako kaa nalo. Sikiliza, Maestro. Mimi mtu akinunua tamale kumi na mbili, namtilia moja ya nyongeza. Hata Chabela, na uchoyo wake wote, humwongezea mtu maji kidogo kwenye glasi. Wewe umechukua miaka kumi na tisa. Nyongeza yetu iko wapi?"

Maestro akatafuta mkasi. Akakikata kile kipicha, ukubwa wa kiberiti, akamsihi asimwambie mtu ni nani aliyekipiga.

Wino haukutoka. Alijaribu kwa mate, akajaribu kwa limau. Sikio la Tacho likaanza kufifia, akaacha. Adhuhuri ya tarehe mosi Novemba kipicha kilikaa katikati ya meza, na X yake, kando ya chupa ya soda aliyoipenda marehemu.

"Jamani, mbona mumeo amepigwa kosa?" Chabela akauliza.

"Alicheka ndani ya mtihani."

Hapo ikasikika hodi, na Maestro akaingia na kamera shingoni. Kila mwaka siku hiyo hupita nyumba kwa nyumba akitafuta meza.

"Uzuri ulioje! Ila hiyo chupa iondoe, mama. Na hicho kipicha kinavuruga. Weka mikono juu ya maua, halafu usinitazame."

Doña Frosi hakuondoa kitu. Akatoa simu yake mpya kwenye mfuko wa aproni ya katuni.

"Kaa hapo kwanza, Maestro, nikupige wewe."

Maestro akakaa. Akalainisha ndevu, akainua kidevu, akaandaa tabasamu. Doña Frosi akaishusha simu, akapiga mara tatu, akamwonyesha: kiwiko, goti, kiwiko cha pili.

"Siku yako ikifika, mkeo akija kuniomba picha ya mezani, nitampa hizi. Achague kiwiko akipendacho."

Chabela alicheka mpaka akashika ukuta. Maestro hakucheka. Alizitazama zile picha, akaitazama meza, kisha kile kipicha chenye wino wake mwenyewe.

"Doña Frosi," akasema, na sauti ya Pasaka haikuwepo tena. "Nipige moja ya uso." Akaiinulia simu macho yake mawili na kuikodolea.

"Umetazama, Maestro. Umeiharibu," Doña Frosi akamwambia, akairudisha simu mfukoni, akaenda jikoni kumletea Tacho chumvi ya kuweka mezani.