Bibi wa Kuazima

Hadi leo nikipita kituo cha treni cha Seven Hills damu inanichemka. Kanisa letu liko karibu na hapo, na ndipo binti yangu wa miaka kumi na mmoja alipoazimwa bibi.

Kila Julai tunawakumbuka waanzilishi wa Kimormoni, wale waliovuta mikokoteni kwa miguu kuvuka Amerika. Mwaka ule watoto waliambiwa waandike habari za mzee wa kwao aliyewafungulia wengine njia. Binti yangu akaandika kurasa mbili kuhusu Mama: alivyotoka Burundi kwa miguu hadi kambini Tanzania, mimi mgongoni, alivyokuwa wa kwanza nyumbani mwetu kubatizwa, hapa hapa Sydney, sisi tukimcheka. Mtoto anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza alikaa jikoni kwetu, mtaa wa Doonside, jioni tatu akimhoji bibi yake. Nilijivuna, sifichi.

Karatasi zilipitia kwanza kwa dada mmoja wa kanisani anayetunza kumbukumbu za koo. Akanipigia simu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwa namlisha mzee uji. Aliniuliza aliyenizaa ni nani. Nikajibu kama tulivyozoea kwenye mahojiano ya wakimbizi, ambako jibu moja likipinda faili lenu linarudi chini kabisa: aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga, aliyenilea ni mdogo wake. Akanishukuru kwa upole.

Upole huo ndio unaonikera. Jumapili ile binti yangu alisimama mbele, gauni refu na kofia ya kitambaa kama za waanzilishi, akasoma habari za mama mmoja Mwingereza aliyekufa zamani huko kwenye theluji. Mama alikuwa kiti cha mbele na kitenge kipya, akisubiri kusikia jina lake.

Nilimfuata yule dada ukumbini. Akanieleza kwamba Mama si mzazi wa damu, kwa hiyo hahesabiki, na watoto wasio na mwanzilishi huazimwa mmoja. Nikamuuliza huyo Mwingereza ana damu gani na mwanangu. Akaniomba nisichukulie vibaya, akanielekeza kwenye keki. Nilimwambia kwetu mdogo wa mama yako ni mama yako, hatuulizani vyeti, na nilisema kwa sauti, watu wakageuka, sikujali hata kidogo.

Garini, Mama kando yangu, niliendelea kufoka mpaka binti yangu, kutoka kiti cha nyuma, akanikatiza kwa Kiingereza. Alisema yule dada hakubuni kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwenye simu kwamba bibi hakunizaa. Kiingereza cha Mama ni kidogo, lakini hayo aliyaelewa. Tulikuwa tumesimama kwenye taa. Mama akanigeukia taratibu.

"Ni wewe ulisema mimi siko mama yako?"

Taa ikawaka kijani, nyuma wakaanza kupiga honi, na mimi niliyekuwa na maneno kwa kila mtu asubuhi nzima nikakaza macho barabarani, nikaondoa gari.