Viraka Vyangu Vyeupe kwenye Gusaba ya Solange

Najua wengi wenu mmeshaisikia habari hii kwa Shangazi Verediana, ambaye huisimulia akiwa amesimama ili aigize na mwendo wangu, kwa hiyo leo naomba niiseme mwenyewe, kwa aibu yangu mwenyewe, angalau mara moja iwe na ukweli ndani yake. Ndiyo, mimi ndiye niliyeandika. Ndiyo, mimi ndiye niliyechapisha nakala sitini. Na ndiyo, wakati watu wanasoma nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nakula sambusa, nikidhani wanacheka kwa furaha ya siku.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona mapazia sebuleni kwetu Gahanga, wateja wananitumia vipimo kwa simu, na siku nikivuka barabara kwenda kununua uzi jirani anauliza kama kuna msiba. Kwa hiyo dada yangu Solange alipopata mchumba na kila mtu nyumbani akapewa kazi ya kukimbia, mimi niliomba kazi ya kukaa. Nikapewa orodha ya viti: nani anakaa wapi siku ya gusaba, siku ile upande wa mume unapokuja rasmi kumwomba binti, na wasemaji wa familia mbili wanarushiana maneno matamu na ya kuchokoza mpaka msemaji wa upande wa binti akubali kusema, "Tumempa." (Kwa kawaida hakuna haja ya orodha ya viti, lakini Solange anafanya kazi hotelini na kwake mtu asiye na kiti chenye jina ni vurugu.)

Tuliiandika wawili, Jumapili moja mchana, kwenye kompyuta ya kazini kwake, na kwa kuwa tulijua itabaki kati yetu, kila jina tukalipa maelezo yake. Shangazi Verediana, dada ya marehemu baba: "Asikae karibu na jikoni, anafungasha, mkoba wake una chumba na sebule." Kiongozi wa kwaya: "Asipewe kipaza sauti kwa sababu yoyote ile." Upande wa wakwe, ambao hata tulikuwa hatujawafahamu vizuri: "Wapewe viti vyenye mto, wanaonekana watu wa kulalamika." Na Mjomba Gaspari, kaka ya mama: "Akifika kwenye ng'ombe wa Karagwe, washa muziki."

Hapo kwa Mjomba lazima niwaeleze vizuri. Baba alipofariki, Mjomba Gaspari ndiye aliyetushika mkono, mimi na Solange, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo. Miezi miwili alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha kabati, na fimbo mkononi. Yeye ndiye wa kusema "tumempa", na asiposema yeye hakuna mwingine: wajomba wengine walibaki Tanzania, na mimi mnanijua, mbele ya watu sauti yangu inarudi tumboni. Ila Mjomba ana ugonjwa mmoja. Kila sherehe, ipaimara, mahafali, hata kikao cha umoja wa wakazi, anaanza habari ya ng'ombe mmoja anaitwa Bihogo aliyepotea huko Karagwe walikokulia yeye na mama, na kila sherehe kuna mtu wa kumkatiza kwa makofi au kwa wimbo. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia Bihogo akipatikana.

Sasa. Solange akahama kazi, kompyuta ikabaki kule, na orodha yetu ikabaki kwenye simu yangu kama PDF tu, yaani unaiona lakini huigusi, kama keki ndani ya kioo. Siku nne kabla ya gusaba Shangazi akapiga simu: karatasi za viti zichapwe, kila meza iwe na zake, na mpiga muziki naye apewe ili ajue nani ni nani. Mtu mwenye akili angepanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Muhima mjini, kwa wale kina dada wanaochapa na kutoa nakala, akakaa nao saa moja wakaiandika upya ikiwa safi. Lakini yalikuwepo manyunyu (siyo mvua, naapa, manyunyu), na nilikuwa nimevaa kandambili, nikasema moyoni, siku hizi kuna programu za bure za kurekebisha PDF, kwa nini niloweshe miguu?

Nikaazima kompyuta ya jirani nikaanza kuchagua. Programu ya kwanza ilikubali kila kitu, kisha ikapiga muhuri mwekundu wa jina lake katikati ya kila ukurasa, ungedhani mwali ni mali yao. Ya pili ilidai itaigeuza PDF iwe hati ya kawaida ya kuandikika. Ikaigeuza kweli, jedwali likamwagika kama maharage, Mjomba akaangukia meza ya wanakwaya na bibi yetu akawa peke yake ukurasa wa tatu. Ya tatu ilinisifu, ikaniambia nimemaliza kazi mbili za bure za leo, nirudi kesho. Ya nne ilitaka kwanza tarehe yangu ya kuzaliwa na ruhusa ya kusikiliza kipaza sauti, nikaifunga hata jirani akaniuliza mbona nahema.

Ya tano ndiyo niliyoipenda, Mungu anisamehe. Ya bure, haina muhuri, haina maswali, na ina kitufe cha kuchora kiboksi. Unachora kiboksi cheupe juu ya maneno, maneno hayaonekani, halafu juu yake unaandika unachotaka. Nikajisemea, kumbe ni viraka tu, na mimi ni fundi. Juu ya mkoba wa Shangazi nikaweka "Mlezi wetu mpendwa". Juu ya wakwe, "Wageni wetu wa heshima". Juu ya ng'ombe, "Mzee Gaspari, Msemaji Mkuu wa Familia". Nikatazama kazi yangu nikaona hakuna mhitimu wa chuo kikuu anayenifikia.

Nikaituma Muhima kwa simu. Baada ya muda yule dada wa duka la kuchapa akanipigia, na hili swali lake nalikumbuka neno kwa neno, nalisikia hata nikinawa uso.

"Kaka, hii fayili yako iko na vitu vimebandikwa juu. Nichape na vyo, ama nichape dokima yenyewe tu?"

Dokima kwao ni hati, na mimi nikaona huyu anatafuta njia ya kuniuzia kitu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Dokima yenyewe tu, dada. Safi."

Akasema sawa. Akachapa sitini. Nikamwomba azifunge kwenye bahasha na kumpa dereva wa moto azipeleke moja kwa moja Ndera, kwenye bustani tuliyokodi. Sikuona hata moja. (Ningeenda kuona ningelowa.)

Siku ikafika, jua zuri, mahema mawili yakitazamana, sisi huku na wakwe kule, mama amejifunga umushanana wa kijani, lile vazi la kupitisha begani, na Solange kama desturi bado amefichwa ndani akisubiri kuombwa. Karatasi zikagawiwa. Kicheko kikaanzia meza ya wanakwaya, kikapumzika, kikahamia kwa majirani, kisha kikavuka hadi upande wa wakwe, ambako hakikuwa kicheko, kilikuwa kama kikohozi cha watu wengi kwa pamoja. Nikaongeza sambusa. Ndipo Shangazi Verediana akaniita kwa kidole, mkoba mapajani, karatasi mkononi.

"Inosenti, mwanangu," akaniambia polepole, "chumba na sebule tu? Jiko umelisahau?"

Nikatazama karatasi. Viraka vyangu vyote havipo. Hakuna mlezi mpendwa, hakuna wageni wa heshima. Kuna maneno ya ile Jumapili, meusi, makubwa, yamechapwa vizuri ajabu. Swali la yule dada likanirudia, nikalielewa likiwa limechelewa siku tatu: vilivyobandikwa juu vilikuwa ndiyo heshima yangu yote, na mimi ndiye niliyesema viachwe. Nimeshona maisha yangu yote, nikaweka viraka bila hata kupitisha sindano.

Nikamtafuta Mjomba kwa macho. Ashukuriwe Mungu, miwani yake ilikuwa mfukoni. Bila miwani Mjomba hasomi hata kibao cha barabarani. Nikaanza kuzunguka meza nakusanya karatasi, nikisema kuna kosa dogo la tarehe, na watu wakawa wanazikalia. Kweli, wanazikalia, watu wazima na suti zao. Mama mkwe mtarajiwa akanitazama usoni, akaikunja yake mara nne, akaiweka kifuani.

Nikiwa bado naombaomba, Mjomba akasimama na fimbo yake. Akaanza vizuri sana, akasalimia, akawachokoza wakwe kidogo kwa kuchelewa, wakwe wakajibu, mambo yakachangamka. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Ndugu zangu, kule Karagwe kulikuwa na ng'ombe..."

Muziki ukapasuka.

Mjomba akasubiri, akatabasamu, akadhani ni bahati mbaya. Ukazimwa. "Kule Karagwe," akarudia, na muziki ukapasuka tena, wa kucheza kabisa, na bibi yetu akaanza kutikisa mabega. Mara ya tatu Mjomba akamgeukia mpiga muziki akamuuliza ana tatizo gani na Karagwe. Yule bwana, mtu mtaratibu, mwenye kazi yake, akainua karatasi.

"Mzee, mimi nafuata programu."

Mjomba akatoa miwani. Akasoma. Akasoma mstari wake, akapanda juu, akashuka chini. Hakuuliza nani ameandika, kwa sababu familia nzima ilikuwa imeshanigeukia mimi. Akakunja miwani.

"Basi," akasema kwenye kipaza sauti. "Kama ninachosha, nimemaliza." Akakaa.

Akakaa, jamani. Neno "tumempa" likiwa bado tumboni mwake. Simu yangu ikatetemeka, ni Solange kutoka ndani: "Mbona kimya? Umefanya nini?" (Hakuuliza "kimetokea nini". Ananijua.) Nikafikiria kwenda kumpigia Mjomba magoti mbele ya mahema mawili, nikaghairi. Nikafikiria kukimbia, lakini sikujua njia ya kutoka Ndera, sikuwahi kufika kabla ya siku hiyo.

Aliyesimama ni msemaji wa wakwe, mzee mfupi mwenye kofia. Akaifungua karatasi yake taratibu.

"Mzee Gaspari, hapa imeandikwa sisi ni watu wa kulalamika. Basi tunalalamika. Tumetoka mbali, viti vyenyewe havina mto kama tulivyoahidiwa, na sasa mnataka turudi bila kujua mwisho wa ng'ombe? Hatuombi binti mpaka ng'ombe apatikane."

Kicheko kilichotoka hapo kilitoka pande zote mbili, na mpiga muziki akainua mikono juu kuonyesha hagusi kitu. Mjomba akakaa kidogo kama mtu aliyebembelezwa na bado anataka kubembelezwa, kisha akasimama. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, Bihogo akaenda hadi mwisho.

Kumbe ng'ombe alikuwa wa upande wa baba. Kumbe baba, kijana wakati huo, alimtafuta mpaka akafika nyumbani kwa kina mama, amevaa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, na mama akamcheka. Wakamwambia ng'ombe hajaonekana. Akarudi kesho yake kuuliza tena. Akarudi wiki iliyofuata. Akarudi mpaka akasahau kuuliza habari ya ng'ombe.

"Na ng'ombe," Mjomba akasema, sauti imeshuka, "alikuwa kwetu siku zote, nyuma ya migomba. Nilimficha mimi. Niliona dada yangu anacheka, nikasema huyu kijana akipata ng'ombe wake hatarudi."

Mama akafunika uso kwa umushanana. "Gaspari," akasema, "miaka yote hii?"

"Kila nikitaka kusema, mnapiga makofi."

Sasa hapo mngedhani tutalia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, lakini mlimsahau Shangazi Verediana. Alikuwa amesimama, mkoba begani kama bunduki. Ni ng'ombe wa baba yake, akasema. Yeye mwenyewe alichapwa kwa kumpoteza Bihogo. Na kama mwizi amejitaja mwenyewe mbele ya wakwe na kwaya, faini italipwa leo leo. Msemaji wa wakwe akasema upande wao umekuja na ng'ombe wa mahari, mmojawapo aende kwa Shangazi, shauri liishe. Mjomba akainamisha kichwa, akakubali, na Shangazi akajibu kwamba sawa, ila huyo hamfungashi.

"Tumempa," Mjomba akasema, na Solange akatoka, mzuri mno, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunifinya.

Mimi nami sikusalimika. Kabla ya chakula Mjomba alinitoza faini yangu: kwanza niisome karatasi yote kwenye kipaza sauti, kila aliyetajwa akisimama kupigiwa makofi (kiongozi wa kwaya akakipokea hicho kipaza sauti kutoka kwangu, na akaimba nyimbo nne). Pili, kwa kuwa napenda sana kuandika habari za watu nikiwa nimekaa, kuanzia siku hiyo kila Mjomba atakapoalikwa kuwa msemaji, mimi ndiye mshika karatasi zake.

Na tangu siku hiyo anaalikwa kila Jumamosi, habari za Bihogo zimeenea. Jumamosi mimi ambaye jirani alikuwa anadhani kuna msiba nikivuka barabara, nipo Kicukiro, nipo Bugesera, nimevaa suti, nimeshika bahasha. Karatasi zenyewe nazipeleka Muhima kwa miguu yangu, hata kukinyesha, nachapisha moja kwanza, naishika kwenye mwanga kama noti, naisoma mpaka chini. Programu yoyote ya bure siiamini mpaka nione alichotoa mchapaji.

Yule dada bado ananiuliza kwa makusudi, huku anajizuia kucheka: na vyo, ama dokima yenyewe tu?

"Na vyo, dada," namjibu. "Hata ukiona inzi katua, mchape."