Kibanda Kisichotakiwa Kujibu Salaamu

Mume wangu hakuweza kumwona mtu akipita bila kumkaribisha chakula. Nasema hivi bila chuki, na yeyote aliyewahi kukaa mtaa wetu wa Bagamoyo atanishuhudia. Alikuwa akiuza ushanga na vitambaa vya merikani kwa misafara ya bara, na baraza yetu haikukauka watu. Sinia la wali wa watu wawili likitoka ndani, huko nje linamkuta yeye, wazee watatu wa mtaa, mpagazi aliyekuwa akiulizia njia tu, na bwana mmoja ambaye mpaka leo simjui lakini alikula kwetu miaka miwili. Mimi nilikula ndani na mavyaa, yaani mama yake mume wangu, ambaye alitafuna huku akinitazama.

Mwaka wa nne wa ndoa ndipo iliponijia akilini kwamba sijawahi kula na mume wangu hata mara moja. Sikuwa na neno kubwa la kumwambia. Nilitaka tu kumwona anavyokula. Bagamoyo nzima ilikwisha kumwona, na nusu ya wapagazi wa Unyamwezi, isipokuwa mimi niliyepika. Nilikuwa na wivu, nakiri, tena wivu wa kuwaonea wapagazi.

Basi mbiu ilipopigwa kwamba wazee wa mji wanagawa pori, mimi ndiye niliyesimama nyuma ya dirisha nikasikiliza mpaka mwisho. Pori lenyewe lilikuwa nyuma ya Zinga, halina mwenyewe, maana yake lilikuwa letu sote. Mkazi yeyote angeweza kwenda kuchagua mahali, akapiga vigingi vinne na kujenga kibanda cha kupumzikia. Cha kupumzikia tu. Hakuna kulima, na hakuna kupanda mnazi hata mmoja, kwa kuwa sisi watu wa pwani tunajuana: leo mtu kapanda mnazi, kesho mjukuu wake anakuonyesha mpaka. Na vibanda vikae mbalimbali, kwani anayekwenda porini anakwenda kuwakimbia watu.

Umbali wenyewe uliwagombanisha wazee siku tatu. Walitaka kupima kwa hatua, lakini mmoja wao alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine alikuwa mfupi na mkaidi. Mwishowe wakamwachia mpiga mbiu wa mji kazi hiyo. Vibanda vikishajengwa, angesimama mlangoni pa kibanda kilichotangulia na kutoa salaamu kwa sauti yake yote, mara tatu. Akijibiwa kutoka kibanda cha pili, basi vimekaribiana mno, na kilichokuja nyuma kinavunjwa.

"Bwana," nilimwambia mume wangu, "twende na sisi. Huko kuna upepo."

"Upepo upo hapa."

"Huko hakuna vumbi la misafara."

Akafikiri. "Sasa huko nitampokea nani?"

"Mimi."

Alicheka akidhani ni mzaha, lakini akachukua vigingi akaenda. Nilimsisitizia aende mbali, mbali kabisa, hata akiona ni mbali aendelee. Alirudi alasiri uso umemchangamka.

"Mke wangu, nimepata mahali pazuri mno. Tuna jirani!"

Jirani alikuwa fundi makubazi, mshona viatu vya ngozi wa mtaa wa pili, aliyetangulia kupiga vigingi vyake asubuhi ile ile. Mume wangu alimwona, akaketi naye, wakanywa madafu mawili, kisha akapiga vigingi vyetu pale pale upande wa pili wa kichaka ili fundi wa watu asije akapata upweke. Nilikasirika. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha oshwa.

Kibanda kilijengwa. Kitu cha kwanza alichojenga, kabla ya ukuta na kabla ya paa, ni baraza. Baraza yenyewe ilitazama miiba. Siku moja nilimkuta ameketi hapo peke yake akimtazama kima mmoja kwenye tawi, na kwa jinsi ninavyomjua alikuwa karibu kumkaribisha.

Ikabaki siku ya ukaguzi. Mume wangu akaanza kuhangaika kwamba kutoitikia salaamu ni dhambi, na hapo alikuwa na haki yake. Alikwenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akamwambia ajibu polepole, Mungu anasikia. Jibu zuri sana, ila mwalimu hakujua anasema na nani. Mume wangu hakuwahi kufanya jambo lolote polepole kwa mdomo wake. Tulifanya mazoezi. Mimi najificha kichakani natoa salaamu, yeye ajibu moyoni.

"Umejibu!"

"Nimejibu polepole."

"Kunguru wote wameruka!"

Ndipo nilipopata akili ya mwatiko. Nani asiyemjua samaki huyo? Ana nyama tamu na miiba isiyo na idadi, na mtu anayemla hasemi, maana akisema atakufa. Siku ya ukaguzi nilipika wali wa nazi, nikakaanga mwatiko wawili wakubwa, nikatandika mkeka ndani ya kibanda na kuweka sinia moja katikati. Mavyaa alibaki mjini na goti lake, Mungu alijalie.

Tukala. Nilikuwa nimeandaa hila, nikasahau kwamba nimejiandalia karamu. Kumbe mume wangu hula kwa utaratibu. Kila mwiba anautoa, anautazama, anaulaza ukingoni mwa sinia sambamba na mwenzake. Na nyama ya tumboni, ile laini, hakuila. Aliisukuma upande wangu kwa kidole bila kuinua macho, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Nilifurahi, tena nilifurahi kijinga, nikawa nacheka na wali mdomoni.

Kutoka mlangoni kwa fundi makubazi ikaja sauti ya mpiga mbiu:

"Assalaamu alaikum!"

Mume wangu aliganda. Midomo yake ilicheza, jasho likamtoka, lakini sauti haikutoka. Nikampongeza kwa macho.

"Assalaamu alaikum!"

Safari hii mshipa wa shingo ulimtuna nikaogopa utapasuka. Alishika mkeka kwa mikono miwili. Kimya. Jamani, alikuwa anaweza!

"Assalaamu alaikum!"

"Waalaikumu salaamu! Karibu!"

Nilikuwa mimi. Miaka minne nimeitikia watu kutoka nyuma ya mlango, unga mikononi, bila kuuliza ni nani. Mdomo ulikwenda wenyewe. Mume wangu alinitazama na mwiba umemning'inia mdomoni, na mimi nikatamani ardhi ile, ya mji au ya nani, ipasuke inimeze.

Hawakukawia. Mpiga mbiu akaja mbele, fundi makubazi nyuma yake na shoka begani, kwa huzuni ya kweli, maskini.

"Nani amejibu?" akauliza mpiga mbiu, ingawa macho yalikuwa kwa mume wangu tayari.

Mume wangu akainua mkono. "Mimi."

"Mbona tumesikia sauti nyembamba?" akasema fundi.

"Mwiba ulinikwama."

Mimi nikainama. Mpaka leo Bagamoyo wanasimulia kwamba yule bwana alipoteza kibanda kwa mdomo wake, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Mpiga mbiu hakuondoka mlangoni. Harufu ya mwatiko ilikuwa imemfikia, na alikuwa akisubiri lile neno ambalo kila mtu wa mji wetu alijua litatoka kinywani mwa mume wangu. Akasafisha koo. Akavua makubazi kabisa, mguu mmoja kisha wa pili.

Mume wangu alimtazama. Kisha akageuza mgongo, akachambua miiba ya kipande kilichobaki, akakiweka upande wangu.

"Anzeni kuvunja kwa nyuma," akasema. "Sisi bado tunakula."