Sauti Isiyofika Jikoni

Providence alizaliwa Litapunga, katika familia ya wakulima waliotoka Burundi na ambao sasa ni raia wa Tanzania. Baba yake, Mzee Cyriaque, alivuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na miwili, kwa hesabu yake mwenyewe. Kaka wa mzee, Jean-Marie, alibaki kule, na hawajaonana tangu hapo. Simu ilipowakutanisha, miaka mitano iliyopita, walizungumza juu ya mvua na idadi ya watoto, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyosemeka kwa urahisi.

Mwaka jana Jean-Marie, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumlemea, aliomba kitu kimoja. Alitaka kumsikia mdogo wake akipiga ule wimbo wa inanga waliofundishwa na baba yao. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa bonde katikati, wenye nyuzi zilizotandazwa juu yake. Mzee Cyriaque alichonga ya kwake Litapunga, na huipiga jioni, uani, akiwa na wanaume wenzake.

Kazi ya kurekodi ilimwangukia Providence bila mjadala. Alikuwa mwanafunzi wa muziki, na wakati huo alikuwa fildi, kwa mafunzo ya vitendo, kwenye studio ya Zubery, mtaa wa Shanwe, mjini Mpanda: chumba kimoja chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani, ambamo alijifunza kuweka maiki, kupima nguvu ya sauti na kuondoa kelele kwa kompyuta. Ustadi huu wa mwisho ndio aliojivunia zaidi.

Alikwenda nyumbani na mashine ndogo ya kurekodia. Aliweka maiki karibu na nyuzi, akavaa hedifoni, akasikia nyuzi vizuri na, nyuma yake, pumzi za mzee. Alihofia kwamba baba naye ana kifua. Aliporudi Shanwe alionyesha kompyuta sehemu ya mwanzo, kabla ya nyuzi kuanza, palipokuwa na pumzi tupu, kisha akaiamuru iondoe kila kinachofanana nayo. Nyuzi zilibaki peke yake, safi kabisa. Akahifadhi juu ya rekodi ya kwanza, ile ikafutika, akaituma hii safi Burundi kwa Emelyne, mjukuu wa Jean-Marie.

Jibu lilifika kesho yake. Emelyne aliandika kwamba babu ameisikiliza yote, anashukuru, ila anauliza anayepiga ni nani, na Cyriaque yuko wapi.

Providence alimpelekea Zubery ujumbe huo akidhani babu amechanganyikiwa. Zubery aliomba kusikia rekodi ghafi. Alipoambiwa haipo, aliuliza mzee huwa anaimbaje. Providence alijibu kwamba baba haimbi, anapiga tu.

"Mpigie umuulize," Zubery alisema. "Nyie wasomi, mnaweza kumsafisha mtu mpaka mkamtoa kwenye wimbo wake."

Providence hakupiga simu. Jumamosi alipanda gari kwenda Litapunga, akamweleza baba yake alichofanya. Mzee hakukasirika. Alimfafanulia, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwamba wimbo wa inanga hunong'onwa. Kile Providence alichokiita pumzi kilikuwa maneno, na yale ya mwanzo kabisa, kabla ya nyuzi, yalikuwa jina la Jean-Marie na salamu kwake.

"Miaka yote hii sijawahi kusikia," Providence alisema.

"Ulikuwa jikoni na mama yako. Kule zinafika nyuzi tu."

Mama yake, Vénérande, alikiri kwamba naye, baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa, anajua nyuzi tu. Akaongeza kuwa kama mzee alikuwa akimsengenya muda wote huo, basi amefaidi sana.

Safari hii Providence alikaa chini, goti lake likigusa ubao, maiki shubiri moja kutoka midomoni mwa baba. Alisikia maneno. Kirundi chake ni cha nyumbani, cha kuitana na kutumana, hivyo mengi yalimpita, ila alitambua jina la mto, na neno la kumwita kaka. Hakuondoa chochote. Alituma hivyo hivyo, na milio ya kuku wa uani ikiwemo.

Wiki tatu zilipita bila jibu, na Mzee Cyriaque hakuuliza, ingawa kila Providence alipopiga simu nyumbani, yeye ndiye aliyepokea. Kisha Emelyne akatuma sauti ya babu yake, ya sekunde arobaini. Providence aliisikiliza mara mbili, akasikia kama kitambaa kinachosuguliwa. Akaipeleka Litapunga.

Mzee aliibana simu sikioni, akafumba macho.

"Anasemaje?" Providence aliuliza.

"Anasema naharakisha pale katikati. Hata baba yetu alikuwa ananikataza."

Akaomba irudiwe. Providence aliirudia mara nne, ndipo mzee akasema wasimalize chaji bure. Lakini simu hakuirudisha.